Wa Tisa

Nilikihesabu kijiti mbele ya Twalibu,
ghorofa ya pili, Barabara ya Digo, juu ya duka la mapazia.
Moja, mbili, hadi nane, chipu nyeusi zimepangana kama meno,
nikakigeuza kwenye mwanga, nikamwona wa tisa.
"Hiki," nikasema.
"Ghali," akasema Twalibu, "na nane zatosha. Huyo wa tisa habebi kitu."
Habebi, kweli.
Hukaa kando tu, akiwasikiliza wanane.

Prosesa ni ya watu, si ya benki wala ya bandari:
niliichomoa kwenye kompyuta ya kijana wa Tudor
aliyeacha michezo akaoa.
Bodi ilikuja na kitabu cha kurasa sitini na nne
ambacho, kufika kwa kumbukumbu inayojisahihisha,
kimeandika "huenda", kikafunga mdomo.
Nikainunua hiyo huenda kwa elfu tisa na mia tano.

Kibokoni kuta zetu hutokwa na chumvi.
Skrubu huota kutu kabla hujamaliza kulipa deni lake.
Seva nimeiweka chini ya ngazi, palipokaa mitungi zamani,
mdomo wa feni nimeuvisha soksi ya mama
ili vumbi libishe hodi kwanza.
Stima ikikatika, betri ina dakika kumi na moja,
zatosha kuzima kwa adabu.
Mama huja na mswaki mdomoni, huuliza: "Hii yapika nini?"

Yapika kanda, mama. Kanda ishirini na tatu.
Ami Shekuwe aliiweka rekoda kando ya sinia la pilau
akaiacha izunguke, Idi baada ya Idi,
ndugu wanane wakisema kwa pamoja,
mifupa ikigonga sahani,
na Shangazi Mwanajabu, kitinda mimba, hasemi,
amenya chungwa, ganda lasikika likichanika,
mpaka mtu aseme mahari ya fulani ilikuwa elfu saba.
"Sivyo. Tatu. Na ilikuwa Jumatano, mvua haikunya."
Kimya kidogo. Kisha hadithi huendelea
kutoka pale pale ilipoteleza.

Ndani ya mashine, tatu na saba zimetengwa na biti moja.
Joto la Machi latosha, au mwale kutoka huko juu
usio na habari na mahari ya mtu:
biti hupinduka, tatu huamka saba,
na faili haina haya, hufunguka kama kawaida.

Wiki tatu mashine haikuripoti kosa hata moja.
Nikaingiwa na wasiwasi. Kimya hiki ni cha mzima au cha bubu?
Ile huenda ilinitafuna usiku.
Basi baada ya isha nikaibana makusudi,
nikaikimbiza kumbukumbu kuliko kasi yake,
nikaiziba feni kwa kiganja
dakika arubaini, hadi kasha likanuka vumbi la moto,
na mstari ukatoka kwenye skrini:
kosa moja. Limesahihishwa.

Nikacheka peke yangu chini ya ngazi.
Nikairudishia mwendo wake, nikalivuta soksi likakaa sawa.

Mawili kwa mpigo hayamudu, najua.
Makosa mawili wa tisa huyaona tu,
husema hapa pameharibika, na mashine husimama.
Iko kanda ya kumi na saba: nyumba ya Kuze iliuzwa kwa ngapi.
Ami Shekuwe asema hivi, Ami Badi asema vile,
wote wawili wamekosea, wasikika tu kwa kelele zao,
na shangazi hasemi sivyo.
Kiti chasogea. Kisha maji ya bomba, muda mrefu,
mtu anaosha mikono.